Mjadala wa Miguu ya Lukindo

Ipo nchi moja, na msianze kutazamana, maana iko mbali sana, ng'ambo ya milima ambayo hamjapata kuiona wala hamtaiona. Watu wa nchi hiyo wanaupenda mpira wa miguu kupita kiasi. Wanaupenda mpaka wameacha kuucheza.

Zamani, kila vyuo vilipofungwa, klabu kubwa za nchi hiyo zilikutana mchana mmoja zikagawana wachezaji waliohitimu. Klabu iliyoshika mkia ilichagua kwanza, bingwa alichagua mwisho, watu wakanywa soda wakaenda zao nyumbani. Shughuli hiyo iliitwa Mgawo. Kisha akatokea mheshimiwa mmoja akasema kuchagua bila kujadili ni udikteta. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kuitwa dikteta, wakajadili. Mwanzoni mjadala ulimalizika kwa wiki. Baadaye ukala kiangazi chote, ukavuka masika, ukakutana na kiangazi kingine. Ikaonekana wazi kwamba ligi yenyewe inauvuruga mjadala, kwa sababu watu walikatiza hoja nzuri ili wakawahi mechi, ndipo Tume ya Mgawo ikatangaza kuwa ligi inasimama kwa muda kupisha mchakato. Muda huo haujaisha mpaka leo.

Uwanja wa Taifa haukukosa kazi. Pale katikati, penye duara la kuanzia mpira, pakajengwa jukwaa la saruji, na nyasi zikafa kwa kukanyagwa na waandishi wa habari. Mashabiki walijaa kama kawaida na ngoma zao na mavuvuzela yao, wamevaa jezi zenye majina ya wachambuzi mgongoni. Mchambuzi aliyeumia koo alitolewa kwa machela, akaingia wa akiba. Aliyemkatiza mwenzake alipewa kadi ya njano. Watu walikwenda nyumbani wamepoteza sauti, wamefurahi, na wasingeweza kukuambia mpira una rangi gani.

*

Lukindo Mhando aliingia kwenye uwanja huo akitokea Chuo cha Mifugo. Alikuwa mshambuliaji, anapiga kwa mguu wa kushoto, na makipa wa vyuo vingine walilijua jambo hilo vizuri kuliko walivyopenda. Hakuwa na tamaa kubwa. Alitaka klabu, klabu yoyote, acheze msimu mmoja wa kweli wakati miguu bado ni miguu. Alikuwa amesomea wanyama, na alijua kwamba mguu una umri wake na haumngoji mtu.

Siku ya kwanza aliuliza ni lini wataalamu watamwona akicheza. Afisa aliyempokea aliangalia kushoto na kulia, akafunga mlango.

"Mdogo wangu," akasema, "neno hilo usilirudie."

Maana ipo kanuni. Mjumbe wa Tume haruhusiwi kumwona mchezaji akicheza, kwa sababu aliyeona ameshapendelea. Kwetu husemwa mwenye macho haambiwi tazama, lakini kule mwenye macho huambiwa ajiuzulu. Mjumbe mmoja, mtu mzima na heshima zake, aliwahi kukutwa nyuma ya uzio wa chuo fulani akitazama kona ikipigwa. Alijitetea kwamba gari lake lilikuwa limeharibika na alikuwa anamsubiri fundi. Tume haikumsikiliza. Alifukuzwa siku hiyohiyo, na mkewe akaacha kwenda sokoni kwa aibu.

Kisha kuna beseni. Afisa mmoja alirudi kutoka semina ng'ambo na habari kwamba miguu ya mchezaji ni rasilimali ya taifa, na rasilimali isiyotumika sharti ihifadhiwe. Tangu hapo kila mchezaji anayesubiri Mgawo huketi jukwaani juu ya kigoda, miguu imezamishwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tangu mjadala unapofunguliwa hadi unapoahirishwa. Kila beseni lina mtumishi wake wa kuongeza maji ya moto. Cheo chake ni Afisa Mwandamizi wa Uvuguvugu, na nafasi ikitangazwa, wenye shahada hupigana vikumbo.

Jirani wa Lukindo kwa upande wa kulia alikuwa mtu anayeitwa Kipingu. Tume ilimtambua kuwa ni kinda mwenye kipaji cha pekee. Kinda huyo alikuwa na mvi kidevuni na mjukuu mmoja.

"Shikamoo," Lukindo akamwamkia.

"Marahaba, lakini usiniamkie mbele za watu," Kipingu akanong'ona. "Wakisikia watasema nimezeeka. Mimi ni kinda."

"Mjadala wako umefikia wapi?"

"Pazuri. Wamekubaliana kuhusu goti moja."

Lukindo akatazama miguu yake ndani ya maji. Vidole vilikuwa vimeanza kunyauka. "Mbona inawasha hivi?"

"Itawasha, halafu itauma, halafu itaacha," Kipingu akasema. "Ikishaacha utapumzika."

*

Klabu mbili zilimtaka Lukindo: Ushuru na Maji Safi. Ushuru ni ya watoza ushuru na Maji Safi ni ya idara ya maji, ambayo kwa bahati mbaya haikuwa na maji, lakini ilikuwa na klabu. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na waamba ngozi wa safari hii walikuwa hodari kweli.

Mchambuzi wa Ushuru aliitwa Bwana Chambuso, mtu mrefu mwenye kuongea amefumba macho ili asije akaona kitu kikamtia upendeleo.

"Waheshimiwa!" alinguruma. "Niambieni kuhusu shingo ile! Nimeelezwa ni shingo nene. Hiyo ni shingo ya beki, waheshimiwa! Mshambuliaji hana shingo. Mshambuliaji ana kichwa kilichokaa juu ya mabega na nia mbaya. Ushuru haina beki, na Mwenyezi Mungu ametuletea shingo. Sasa sisi ni nani tukatae?"

Upande wa Ushuru ukalipuka kwa vuvuzela. Mwanamke mmoja alizirai, akapepewa kwa kanga.

Wa Maji Safi alikuwa Bi. Mwanaidi, ambaye inasemekana aliwahi kuongea kutwa nzima bila kumeza mate. Alisimama taratibu, akangoja kelele ziishe, akaongea kwa sauti ya chini ili watu wainame kumsikiliza.

"Bwana Mwenyekiti, mwenzangu ananunua ng'ombe kwa kutazama kamba. Sisi tumefanya utafiti. Tumeuliza kijana huyu analala vipi. Analala kifudifudi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Huyo ni mshambuliaji! Beki halali hivyo. Beki hulala chali, amekunja mikono kifuani, anangoja shari."

Uwanja ulitikisika. Mjadala wa usingizi ulichukua sehemu iliyobaki ya msimu ule. Waliitwa wataalamu wa magodoro. Waliitwa mashahidi waliowahi kulala bweni moja na Lukindo, wakaulizwa kama alikoroma, na kama alikoroma, alikoroma akielekea goli lipi.

Lukindo alisikiliza yote. Pale Chuo cha Mifugo walikuwa wakienda mnadani kila wiki, na hata mnunuzi mlevi alimtembeza ng'ombe kabla ya kutoa neno. Mwanzoni jambo hilo la kujadiliwa bila kutazamwa lilimkera mpaka usiku akasaga meno. Baadaye likamkera mchana tu. Siku moja akagundua kwamba limeacha kumkera, akajiuliza ni lini liliacha, asikumbuke.

Hata hivyo alijaribu. Siku moja, katikati ya hoja kuhusu unyayo wake ambao hakuna aliyekuwa ameuona, alinyoosha mkono.

"Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mimi ni mshambuliaji. Napiga kwa mguu wa kushoto."

Ukimya ulioingia pale haukuwahi kutokea tangu Tume iundwe. Mwenyekiti, Mheshimiwa Daktari Kungulilo, alivua miwani. Udaktari wake alikuwa amepewa na Tume yenyewe, baada ya mjadala.

"Kijana," akasema, "una uhusiano gani na mchezaji anayejadiliwa?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Ndiye wewe. Yaani wewe na yeye ni mtu mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi una mgongano wa maslahi."

Makofi yalivuma kutoka pande zote mbili, jambo la nadra sana. Lukindo akaonyeshwa kadi ya njano. Kisha Bwana Chambuso akasimama kusema kwamba sauti waliyoisikia hivi punde ni sauti ya beki, Bi. Mwanaidi akapinga, na wakaendelea.

Kipingu alimwegemea. "Mimi nilisema hivyohivyo zamani," akamnong'oneza. "Usijali. Hasira hiyo ni ya mwisho mwisho, itapita."

Na ikapita, kweli.

*

Usije ukadhani nchi ile haikucheza na mataifa mengine. Mwaka uleule jirani zao waliwaalika kwenye mechi ya kirafiki. Kwa kuwa hakuna mchezaji aliyekuwa amegawiwa, nchi ilituma wachambuzi, wamevaa suti na tai za taifa. Walipangwa uwanjani kila mmoja mahali pake, na kila jirani alipofunga goli walikusanyika pale langoni kueleza kwa nini limeingia. Walieleza vizuri mno. Hata mashabiki wa jirani walikaa kimya wakisikiliza.

Waliporudi, Mwenyekiti Kungulilo aliwapokea uwanja wa ndege kwa tarumbeta.

"Ndugu wananchi," akasema, "yanasemwa maneno ya upotoshaji kwamba tumefungwa. Tumefungwa kwa tafsiri ya nani? Sisi hatujakubaliana goli ni nini! Kamati inalifanyia kazi. Wenzetu wale wanacheza mpira, basi. Wanakimbia tu! Hawana msimamo, hawana mwelekeo, hawana hata azimio moja! Katika historia ya mataifa yote yaliyopata kuota jua, hakuna lililojadili kwa kina kama letu."

Wachezaji wote walitakiwa kushangilia wakiwa ndani ya mabeseni yao. Lukindo alipiga makofi. Aliona mikono yake ikigongana, na sauti ikamfikia baadaye kidogo.

*

Kila Jumapili Lukindo aliruhusiwa kuongea na baba yake kwa simu. Baba alikuwa Mzee Mhando wa kijiji cha Kwembago, mgane, mkulima wa mihogo, na mtu ambaye hakuna kanuni iliyokuwa imemzuia kumwona Lukindo akicheza. Alimwona tangu anapiga ndimu uani. Alimwona akipiga mpira wa makaratasi na kamba za mgomba. Siku ya fainali ya shule za kata aliacha mihogo juani, akaenda kusimama pembeni mwa goli na fimbo yake, na Lukindo alipofunga, mzee alitupa fimbo juu, ikampata katekista.

Miezi ya kwanza mzee alifoka kwenye simu.

"Shingo! Wanazungumzia shingo! Mimi nimekuzaa, nimekuona kwa macho haya. Wewe ni mshambuliaji tangu tumboni, mama yako alikuwa halali kwa mateke. Hawa watu wana wazimu?"

"Wanasema mchakato unaendelea, baba."

"Mchakato ndio mdudu gani?"

Maneno hayo yalimpa Lukindo nguvu wiki nzima. Lakini Kwembago kulikuwa na redio, na redio ilikuwa na mjadala, asubuhi, mchana na jioni. Mzee alianza kuusikiliza ili apate cha kuwatukania. Halafu akawa anausikiliza ili ajue wamefika wapi. Kijiji chote kilikuwa kimegawanyika, Ushuru wakinywa pombe upande huu wa barabara na Maji Safi upande ule, na mzee wa watu hawezi kukaa katikati ya barabara maisha yake yote.

"Yule mama Mwanaidi leo kasema neno," alisema Jumapili moja. "Simpendi, lakini kasema neno."

"Neno gani, baba?"

"Kuhusu kukoroma. Kuna mantiki."

Jumapili nyingine akauliza, kwa upole wa mtu asiyetaka kumkwaza mgonjwa, "Lukindo, hiyo shingo yako, ukiitazama mwenyewe, unaionaje?"

"Ni shingo tu, baba. Unaijua."

"Naijua, naijua. Ila Chambuso anaielezea vingine."

Ikafika siku mzee akaongea robo saa nzima kuhusu mchezaji fulani, faida zake na kasoro zake, jinsi anavyofaa kwenye mfumo wa Ushuru endapo Ushuru itabadili mfumo. Lukindo alisikiliza kwa adabu. Mwishoni ndipo alipotambua kwamba mchezaji mwenyewe ni yeye.

"Wewe unaonaje?" baba akamuuliza.

"Mimi nina mgongano wa maslahi," Lukindo akasema.

"Hilo nalo kweli," mzee akakubali.

*

Mambo yalikwama. Bwana Chambuso alikuwa amemaliza mwili mzima wa Lukindo mpaka kwenye kope, na Bi. Mwanaidi alikuwa amejibu kila kiungo. Kura zilipigwa, zikalingana. Zikarudiwa, zikalingana tena. Upande wa nchi jirani, klabu moja iliyosikia habari zake vyuoni ilitangaza iko tayari kumchukua Lukindo bila maneno mengi iwapo Tume itamwachia. Tume ilitakiwa imwachie au imgawe kabla ya msimu wao kuanza. Hapo ndipo Mwenyekiti Kungulilo alipokumbuka kifungu kilichokuwa hakijatumika hata mara moja, kinachoruhusu kumwita mdau wa damu.

"Anaitwa Mzee Mhando wa Kwembago," akatangaza, "na neno lake litakuwa la mwisho!"

"Damu ni nzito kuliko maji!" akapiga kelele Bwana Chambuso, akiwaelekea Maji Safi, na upande wake ukaanguka kwa kicheko.

Lukindo alisikia kitu kikisogea kifuani. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu humo, na sasa palikuwa na joto dogo. Pamoja na redio, pamoja na Jumapili zote zile, huyu ni mtu aliyeona. Asimame tu aseme ninyi, mwanangu ni mshambuliaji, anapiga kwa kushoto, nilikuwepo. Sentensi moja. Wakisema apewe Maji Safi, atacheza mbele. Wakikasirika wakamwachia, atavuka mpaka akacheze kule. Vyovyote iwavyo atatoka ndani ya beseni.

"Baba yako anakuja?" Kipingu akauliza. "Wangu alifariki mjadala ukiwa kwenye paja."

"Pole sana."

"Ahsante. Nilipewa ruhusa ya kuzika, miguu ikabaki."

Lukindo hakuuliza ilibakije. Alishaacha kuuliza mambo kama hayo.

Mzee Mhando aliingia uwanjani kwa zulia. Alikuwa amevaa koti la kuazima lenye mabega mapana kuliko ya kwake, na viatu vilivyong'arishwa mpaka vikaudhi. Alipofika katikati alitazama watu waliojaa mpaka juu kabisa. Hakumtazama mwanawe. Pengine hakujua yupo upande gani.

"Shikamoo, mzee," akasema Mwenyekiti.

"Marahaba, mwanangu."

Wakili wa Maji Safi alisimama kuuliza kama salamu hiyo inaathiri hadhi ya kiti. Wakajadili kidogo, wakaamua isirekodiwe.

"Mzee Mhando," Mwenyekiti akaendelea, "Tume, na taifa, na vizazi vijavyo, vinaomba maoni yako kuhusu mchezaji huyu."

Mzee akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Sauti yake ilipotoka, Lukindo hakuitambua. Ilikuwa ya redioni.

"Kwanza kabisa nishukuru kwa kupewa fursa hii adhimu," akasema. "Pili nishukuru Tume kwa kazi nzito. Mimi kama mdau nimelifuatilia suala hili kwa kina. Nimesikiliza pande zote bila kuegemea popote."

Uwanja mzima ulipiga makofi. Mzee alisubiri yaishe. Alijua kusubiri, alikuwa amejifunza kwa Bi. Mwanaidi.

"Bwana Chambuso ana hoja. Shingo haidanganyi. Lakini Bi. Mwanaidi naye ana hoja, maana usingizi hauigizwi. Sasa mimi kule kwetu ni mjumbe wa baraza la ardhi. Watu wawili wakigombea shamba, huyu anasema la babu yangu, yule anasema la babu yangu, mimi huchukua kamba, nikapima katikati, tukapanda katani ya mpaka. Kila mtu anakwenda na kipande chake. Katika baraza langu hajawahi kutoka mtu analia."

Lukindo alianza kutikisa kichwa. Hakuna aliyemtazama. Walikuwa wanajadili miguu yake, sio kichwa.

"Kwa hiyo, kwa maoni yangu," akasema Mzee Mhando, na sasa sauti ilimpanda, koti likamjaa, "mguu wa kulia uende Ushuru, ukacheze beki. Mguu wa kushoto uende Maji Safi, ukashambulie. Amani itawale."

Kisha Uwanja wa Taifa ukapasuka. Watu wa Ushuru waliwakumbatia watu wa Maji Safi. Bwana Chambuso alifumbua macho. Bi. Mwanaidi alilia waziwazi, akasema amehudhuria mijadala mingi lakini hii hekima hajaiona. Mzee alibebwa juu juu mpaka mbele ya kiti, na Mwenyekiti Kungulilo akasoma uamuzi papo hapo. Mguu wa kulia ni mali ya Ushuru. Mguu wa kushoto ni mali ya Maji Safi. Hakuna mguu utakaosogezwa bila idhini ya klabu inayoumiliki, ili kulinda usawa. Kiwiliwili kitaundiwa kamati ndogo. Kichwa kitabaki chini ya Tume kwa kuwa hakijaombwa na mtu. Ombi la nchi jirani limekataliwa, kwani huwezi kumwachia mtu ambaye wewe unammiliki kichwa tu.

Lukindo alitazama mdomo wa Mwenyekiti ukifunguka na kufungika. Lile joto dogo la kifuani alilitafuta, hakulipata. Aliona lazima ahuzunike, na huzuni ilikuwepo kweli, lakini ilikaa mbali, mfano wa redio ya jirani inayosikika ukutani. Afisa Mwandamizi akamwongezea maji ya moto. Aliona mvuke. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba ni ya moto.

*

Watu walipotawanyika, mzee aliletwa nyuma ya jukwaa amuage mwanawe. Alikuwa amelowa jasho na uso wake ulikuwa unang'aa. Lukindo hakuwahi kumwona akiwa na furaha hivyo tangu mama afariki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniona? Wamenibeba!"

"Nimekuona."

"Yule Chambuso kaniomba namba ya simu. Chambuso mwenyewe! Wanasema nije niwe mchambuzi, nina kipaji." Akavuta kigoda cha Kipingu, ambaye alikuwa amebebwa kwenda kupimwa goti lile moja. Akaketi, akapumua. "Nimeongea vizuri, eti?"

"Umeongea vizuri, baba."

Mzee alitazama chini, kwenye beseni. Kwa mara ya kwanza alitazama miguu yenyewe, na si ile ya redioni. Ilikuwa myeupe, imenyauka, ngozi imejikunja kila mahali. Mzee alikunja mkono wa koti, akaingiza kiganja majini, akashika mguu wa kushoto kwa vidole vyake vya mkulima. Akaubonyeza.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Sisikii, baba. Usijali, hauumi."

Mkono wa mzee ulikaa pale ndani ya maji. Ile nuru ya usoni ikaanza kumtoka polepole, na uso wa Kwembago ukarudi.

"Mguu huu," akasema. Sauti ilikuwa ya kwake sasa. "Ile fainali ya kata. Walikuzunguka watu wanne, ukauvuta mpira kwa huu, kipa akaenda kule na mpira ukaenda huku. Nilikuwa nimesimama palepale penye goli. Nilirusha fimbo."

Lukindo alimtazama. "Mbona hukuwaambia hivyo, baba?"

Mzee akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama afikirivyo mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Waliniuliza maoni yangu," akasema. "Nilichokiona hawakuniuliza."

Nje honi ya basi la Kwembago ililia. Mzee akautoa mkono majini, akaufuta kwenye koti la watu, akasimama kwa shida. Mgeni husindikizwa, hata mgeni mbaya, na Mzee Mhando hajawahi kutoka nyumba yoyote pasipo mtu wa kumfikisha angalau njia panda.

"Haya, nisindikize basi," akasema. "Hatua chache tu, mpaka getini."

Lukindo akamgeukia afisa wake wa uvuguvugu. Afisa alikuwa kijana mwema, akaenda kuuliza. Alirudi akisema mtu wa Ushuru yupo na hana kinyongo, mguu wa kulia unaweza kwenda. Wa Maji Safi ameshaondoka, na mguu wa kushoto hauna wa kuusemea mpaka Jumatatu.

Honi ikalia tena. Mzee alisimama mlangoni katika koti lile pana, akimtazama mwanawe, na midomo yake ilikuwa inatafuta neno ambalo redio haikumfundisha.

"Basi kaa," akasema hatimaye. "Kaa tu, mwanangu. Njia naijua."